Marisau ya chuma kwenye bunduki ya zamani: dalili, visababishi na la kufanya

Mwongozo huu ni wa mwenye leseni halali ambaye bunduki yake ya marisau, yaani ya kufyatua punje nyingi kwa pamoja, ni ya kurithi: kaliba 12, ya kukunja katikati ili kuijaza, mitutu miwili iliyolala pamoja, imetengenezwa Ulaya enzi ambazo marisau yote yalikuwa ya risasi, yaani ledi. Sasa ameshika boksi la katriji za marisau ya chuma. Pengine dukani zilikuwapo hizo tu. Pengine ameshaelewa madhara ya risasi kwa ndege wa ziwani na kwa walaji wa nyama, akaamua kubadilika. Anataka kujua kama bunduki ya baba itazimudu, au ameshazifyatua na kuna kitu amekiona ambacho zamani hakikuwapo.

Anayeamua hapa ni mtutu. Bunduki mbili za kaliba 12 zinaweza kukaa kabati moja, moja ikafyatua marisau ya chuma miaka na miaka, nyingine ikaharibika kabla boksi halijaisha. Kwa macho hazitofautiani, kwa vipimo zinatofautiana sana. Ndiyo maana naanza na vipimo, kisha dalili.

Kuna sharti moja linalotangulia yote. Ukiona dalili yoyote kati ya hizi ukiwa shambani Magu, mkoani Mwanza, au kwenye matete ya Ziwa Victoria, kunja bunduki, toa katriji, na siku hiyo imeisha. Atakayekwambia "piga nyingine tuone" hakutakii mema hata kama ni ndugu yako.

Chuma kinafanya nini ndani ya mtutu

Risasi ni madini mazito na laini. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 11.3. Chuma kina gramu 7.8 na ni kigumu. Marisau ya risasi yakifika kwenye choki, yaani pale mtutu unapobanwa karibu na mdomo, yanabonyea kidogo, yanapeana nafasi, yanapita. Ya chuma hayabonyei. Yanakazana na kuusukuma ukuta wa mtutu kwenda nje. Mtutu wa kisasa umetengenezwa kuhimili msukumo huo. Mtutu mwembamba wa zamani wenye choki kali haukukusudiwa kazi hiyo hata siku moja.

Tena, kwa kuwa chuma ni chepesi, punje yake hupoteza mwendo haraka ikiwa hewani. Viwanda hufidia kwa kukuza punje na kuongeza kasi ya kutokea mdomoni. Na ili punje ngumu zisikwaruze mtutu, huzifungia ndani ya kikombe kinene cha plastiki. Ugumu, ukubwa wa punje, kasi na kikombe: karibu kila dalili utakayoisoma hapa chini inatokana na kimojawapo.

Kwa nini basi tusibaki na risasi? Kwa sababu bata humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, na marisau yaliyotua kwenye tope la kina kifupi humezwa pamoja na changarawe hizo. Firigisi inayasaga, sumu inaingia kwenye damu, ndege anakonda mpaka anakufa kwenye matete bila mtu kuona. Tumbusi akila mzoga wenye marisau naye anaipata. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya binadamu kinachojulikana kuwa salama, na walio hatarini zaidi ni watoto. Marekani ilipiga marufuku risasi kwenye uwindaji wa ndege wa maji mwaka 1991, Denmark ikaipiga marufuku kwa marisau yote mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwenye ardhi oevu zake mwaka 2023. Mkataba wa AEWA wa kulinda ndege wa maji wanaohama, ambao Tanzania ni mwanachama tangu ulipoanza kutumika mwaka 1999, unazitaka nchi ziachane na marisau ya risasi kwenye ardhi oevu. Ziwa tunalokunywa maji yake, tunalovua sangara na dagaa, halistahili kuongezewa risasi. Hilo naliamini kwa dhati, na ndiyo sababu nataka mabadiliko yafanyike bila mtu kupoteza vidole.

Pima kabla ya kufyatua

Anza na mihuri. Tenganisha mitutu na kitako, tafuta maandishi kwenye sehemu bapa chini ya mitutu, karibu na chemba, yaani tundu la nyuma linalopokea katriji. Tumia tochi na kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa maana kutu na uchafu wa miaka huficha herufi. Hapo utakuta alama za nyumba za majaribio, mahali bunduki ilipofyatuliwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida kabla ya kuuzwa.

Ukiona ua dogo la yungiyungi, bunduki imejaribiwa kwa ajili ya marisau ya chuma yenye nguvu ya juu. Majaribio hayo hufanyika kwa shinikizo la bar 1320, ilhali katriji zenyewe haziruhusiwi kuvuka bar 1050. Kwenye bunduki ya kurithi usitegemee kuikuta alama hiyo. Kama haipo, katriji zenye nguvu ya juu ziweke kando kabisa, hakuna mjadala. Kinachobaki kuulizwa ni kama bunduki inafaa kwa katriji za chuma za kiwango cha kawaida, ambazo kwa kaliba 12 kikomo chake ni bar 740 kwa utaratibu wa CIP, kamisheni ya kimataifa inayosimamia viwango hivi. Boksi lenye heshima huandika ni la aina gani. Boksi lisiloandika chochote, usilinunue.

Bunduki za Uingereza zina historia yake. Za kabla ya 1954 huonyesha uzito wa marisau kwa aunsi. Za baada ya hapo huonyesha tani kwa inchi ya mraba, kama 3 au 3¼. Tafadhali usichukue kikokotoo ukazigeuza tani hizo kuwa bar ili uone kama "zinatosha". Zilipimwa kwa njia ya zamani ya kuponda kipande cha shaba, na namba zake hazilingani moja kwa moja na vipimo vya leo. Kama hakuna muhuri wowote wa baruti isiyo na moshi, bunduki hiyo ni ya baruti nyeusi, na safari ya marisau ya chuma inaishia hapo. Mitutu ya Damascus, ile yenye michirizi ya kuzungukazunguka kwa sababu ilisokotwa kwa fito za chuma, nayo haiguswi na chuma. Gobore halihitaji hata maelezo: kamwe.

Pili, chemba. Tafuta namba 65, 70 au 76, ambazo ni milimita, au kwa inchi 2½, 2¾ na 3. Uingereza ya zamani ilitumia namba 12 na herufi C ndani ya alama ya almasi kwa chemba fupi kuliko inchi 3, jambo ambalo halikuambii kama ni 65 au 70. Hapo ni lazima fundi apime kwa geji. Tena chemba inaweza kuwa imechongwa na fundi mwingine miaka ya katikati bila muhuri kubadilishwa, kwa hiyo hata ukiona namba, ipime.

Tatu, choki. Choki kamili hubana mtutu karibu milimita 1, nusu choki karibu 0.5, robo karibu 0.25. Baadhi ya viwanda huandika kwa nyota: nyota moja ni choki kamili, tatu ni nusu, nne ni robo. Vania, kifaa cha kawaida cha karakana cha kupimia vipenyo, inakupa kipenyo cha mdomo peke yake, haikuambii mtutu una upana gani ndani, na choki ni tofauti kati ya hivyo viwili. Mtutu wa kaliba 12 kwa kawaida hukaribia milimita 18.5, lakini ya zamani hutofautiana, na kukisia hapa ndiko kunakoharibu bunduki. Fundi mwenye geji ya ndani atapima kwa dakika chache, na wakati huohuo mwombe apime unene wa ukuta kuelekea mdomoni na aangalie vishimo vya kutu. Bunduki iliyokaa miaka kwenye unyevu wa Ukerewe au Kome, ikafutwa nje tu, ndani inaweza kuwa imeliwa.

Mwongozo ninaoufuata kwa bunduki isiyo na yungiyungi ni huu: katriji za kiwango cha kawaida pekee, zilizo ndani ya urefu wa chemba, punje ndogo zisizozidi sana milimita 3, na choki isiyozidi nusu. Robo ni bora zaidi. Punje zinazozidi milimita 4 hazitakiwi kupitishwa kwenye choki kali kuliko nusu hata kwenye bunduki ya kisasa, sembuse ya babu.

Dalili: pete au uvimbe karibu na mdomo wa mtutu

Hii ndiyo dalili halisi ya chuma, na wengi hawaioni mpaka imekua. Toa katriji, kunja, tenganisha mitutu, elekeza kwenye mwanga wa dirisha na utazame ndani kutokea upande wa chemba. Mwanga unatakiwa uteremke ukutani bila kukatika. Ukiona duara la kivuli linalozunguka mtutu sentimita chache kabla ya mdomo, hiyo ni pete. Nje utaihisi kwa ncha ya kidole ukipitisha taratibu kwa urefu wa mtutu. Kidole huhisi kabla jicho halijaona.

Kisababishi cha kawaida ni choki kali kupita kiasi kwa punje zinazotumika. Marisau yanafika pale mbano unapoanza, yanakazana, chuma cha mtutu kinanyooka kidogo na hakirudi. Kila katriji inaongeza kidogo. Kwenye bunduki ya mitutu miwili mtutu wa kushoto ndio huathirika zaidi, kwa sababu kwa desturi ndio uliowekwa choki kali ya kumpiga ndege aliyekwisha kwenda mbali.

Pete ndogo pekee haimaanishi kwamba mtutu utapasuka kesho. Tatizo ni kwamba mitutu miwili imeunganishwa kwa reli, zilizoshikwa kwa risasi ya kuchomelea. Mtutu ukivimba unaisukuma reli, na reli ikiachia, maji yanaingia chini yake na kutu inaanza mahali usipoweza kufika. Kuna kipimo cha zamani na kizuri: ning'iniza mitutu iliyotenganishwa kwa kidole au kamba kwenye ndoano yake, igonge taratibu kwa ukucha au kijiti. Mizima hulia kama kengele na sauti inadumu. Ikitoa sauti butu inayokufa papo hapo, reli imeachia mahali.

Pete pia huweza kuwa haihusiani na chuma kabisa. Kama imekaa katikati ya mtutu badala ya kwenye choki, mshuku mkuu ni kizuizi: tope, kitambaa cha kusafishia kilichosahaulika, kikombe cha katriji iliyotangulia, au kiota cha nyigu wa tope. Huku kwetu nyigu hao hujenga kwenye tundu lolote lililoachwa wazi, na mtutu uliosimamishwa ukutani ni nyumba nzuri kwao. Tazama ndani ya mitutu kila unapoitoa bunduki, hata kama jana uliisafisha.

La kufanya: acha chuma kwenye bunduki hiyo. Mpelekee fundi mwenye leseni. Kulegeza choki kunawezekana kwenye mitutu yenye unene wa kutosha, lakini ni kazi ya kukereza ndani kwa vipimo vya sehemu ya mia ya milimita, na mtutu uliokwisha vimba huenda hauna chuma cha kutosha kubakiza. Usimpe kijana wa karakana ya pikipiki kwa kuwa ana mashine nzuri. Silaha hairekebishwi na asiye na kibali chake, sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 iko wazi katika kudhibiti hilo, na bega na macho ni yako.

Dalili: teke limezidi, ganda linang'ang'ania

Mzee mmoja alinijia akishika bega. "Fundi, hii bunduki siku hizi inanipiga."

"Shikamoo mzee. Unatumia katriji zipi?"

"Marahaba. Hizi mpya. Mbona zinaingia vizuri tu!"

Katika "zinaingia vizuri" ndimo hatari ilimojificha. Urefu ulioandikwa kwenye katriji, kama 70, ni urefu wa ganda baada ya kufyatuliwa, mdomo wake ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo mdomo umekunjwa na katriji ni fupi, ndiyo maana ya 70 inaingia kwenye chemba ya 65 bila kipingamizi na bunduki inafunga bila shida. Ikifyatuliwa, mdomo wa ganda unafunguka ndani ya koni, ile sehemu ya mbele ya chemba inayopungua kuelekea mtutuni. Njia inakuwa finyu wakati uleule marisau na kikombe vinapopita. Shinikizo linapanda. Kwa risasi laini mambo haya ni mabaya. Kwa chuma na kikombe kinene ni mabaya zaidi.

Okota maganda uyasome. Mdomo uliochanika au kunyooka na kuwa mwembamba kama nyuzi unaeleza kwamba chemba ni fupi. Fataki, yaani kile kidude cha kuwashia baruti kilicho katikati ya kitako cha katriji, iliyobapa kabisa hadi kujaza kingo za tundu lake, au iliyotobolewa na sindano, inaashiria shinikizo kubwa. Ganda lisilotoka bila kuvutwa kwa nguvu linaeleza vilevile, ingawa hapa kuna kisababishi kingine cha amani zaidi: chemba yenye kutu au nta ya plastiki ya miaka mingi. Isafishe kwa brashi ya shaba na mafuta, kisha uangalie kama maganda bado yanakwama. Kama fataki ni nzima na maganda ya risasi ya kawaida nayo yanakwama, ni uchafu. Kama yanayokwama ni ya chuma tu, simama.

Kwa chemba ya 65, katriji itakayofaa ni ile ambayo boksi lake linasema wazi kuwa ni ya chemba ya 65. Za chuma za urefu huo zipo, lakini ni adimu. Mzee yule chemba yake ilikuwa 65.

Ongezeko dogo la teke peke yake laweza kuwa halina ubaya, kwa sababu katriji za chuma hutoka kwa kasi. Tofautisha teke kali la kila mara na teke lililobadilika ghafla kwenye boksi lilelile. Hilo la pili ndilo la kuogopa.

Dalili: mlio hafifu, au hakuna mlio

Umesikia "puf" badala ya mlio uliouzoea. Baruti haikuwaka sawasawa, na kikombe cha plastiki huenda kimekwama mtutuni. Katriji inayofuata ndiyo itakayopasua mtutu. Elekeza mdomo pahali salama, subiri, kunja, toa katriji zote, tazama ndani ya mtutu kutoka nyuma. Usiendelee bila kuona mwanga upande wa pili.

Kama hakuna mlio kabisa, usikunje haraka. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka. Shika bunduki ikielekea mahali pasipo na mtu, hesabu hadi 60 kwa utulivu, ndipo ukunje huku uso ukiwa pembeni.

Na kama bunduki nyumbani ni mbili, ya kaliba 12 na ya kaliba 20, zitenge katriji zake kwa mifuko tofauti. Ya 20 ikidondoshwa kwenye mtutu wa 12 haitoki nje. Inapita chemba na kukwama mbele, mtu anadhani hajaweka kitu, anaweka ya 12 nyuma yake. Hakuna mtutu unaovumilia hilo, wa zamani wala mpya.

Dalili: katriji haitoi sauti ya punje ukiitikisa

Hili linawahusu sana wa ziwani. Risasi haishiki kutu, chuma kinashika. Katriji za chuma zilizolala chini ya mtumbwi penye maji, au zilizokaa msimu mzima wa masika kwenye nyumba yenye unyevu, zinaweza kupenyezwa na maji. Punje zinashika kutu na kugandana zikawa bonge moja. Bonge hilo likifika kwenye choki halina namna ya kupungua, na likitoka salama linaruka kama kipande kimoja kizito, kwenda mbali kuliko mkusanyiko wa punje unavyoweza kwenda. Fikiria nani yuko upande wa pili wa ghuba.

Chukua katriji, iweke sikioni, itikise. Punje nzuri hutoa mchakacho mwepesi. Nyingine zimejazwa kwa kukazwa sana hata zikiwa nzima hazichakachi, hivyo zilinganishe na nyingine za boksi hilohilo lililokaa pakavu. Angalia pia sehemu ya shaba: madoa ya kijani au ya kahawia kuzunguka fataki yanatosha kuikataa. Mdomo wa katriji uliovimba au kufunguka kidogo, ikatae. Usianike juani katriji iliyolowa wala kuipasha karibu na jiko ili "ipone". Haiponi.

Hifadhi katriji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko wa mpira, juu ya ardhi, mbali na watoto na mbali na bunduki yenyewe. Zenye vikombe vinavyoyeyuka kwenye maji, ambazo zimetengenezwa ili plastiki isibaki ziwani, zinahitaji ukavu zaidi ya nyingine. Ni wazo zuri sana kwa ziwa letu, ila usizibebe mfukoni siku ya mvua.

Dalili: mikwaruzo mirefu ndani ya mtutu

Mistari myembamba inayokwenda sambamba na mtutu, kutoka chemba hadi mdomo, ni punje zilizogusa ukuta. Ama kikombe kimepasuka kwa ubovu au uzee, ama mtu amefungua katriji za risasi akaweka chuma ndani yake. Hilo la pili ni kosa kubwa: kikombe cha risasi ni chembamba, kipimo cha baruti si chake, na kujaza katriji nyumbani bila kibali ni uvunjaji wa sheria. Kama ni kikombe, badilisha aina ya katriji. Mikwaruzo iliyokwishaingia haitoki. Ipake mafuta isishike kutu.

Dalili: ndege anapigwa, anaruka na kwenda kufia mbali

Hapa bunduki ni nzima, ni mpigaji aliyepima umbali kwa kipimo cha risasi. Punje ya risasi ya milimita 2.8 inalingana kwa uzito na ya chuma ya karibu milimita 3.2, hivyo aliyezoea namba 6 atahitaji namba 4. Soma milimita, usisome namba pekee, kwa sababu namba 4 ya Uingereza na namba 4 ya Marekani hazina kipenyo kimoja. Na kwa punje ndogo ambazo bunduki ya zamani inaruhusu, usivuke mita 30 au kidogo zaidi. Bata aliye mbali kuliko hapo mwache apite. Kujeruhi ndege na kumwacha akafie kwenye magugumaji ni ukatili uleule tuliotaka kuukimbia tulipoacha risasi.

Kabla hujaondoka na katriji mpya, jaribu kwenye eneo la shabaha lililoruhusiwa: karatasi kubwa kwa mita 30, chora duara la sentimita 76 pale punje zilipojaa zaidi, tazama kama kuna mapengo ambayo ndege angeweza kuingia. Utashangaa jinsi robo choki inavyokusanya chuma vizuri. Marisau ya chuma hayaharibiki umbo njiani, kwa hiyo hayatawanyiki ovyo, na choki nyepesi hutoa kazi ya choki kali. Kwa mwenye bunduki ya zamani hiyo ni habari njema.

Dalili: punje zinarudi

Umesikia mluzi, au mwenzako amelalamika kuchomwa. Risasi ikigonga mwamba mara nyingi hubapa na kuanguka. Chuma hudunda. Na sisi tunaishi katika mkoa wa miamba; kuanzia mwamba wa Bismarck hadi vilima vya Misungwi, granaiti iko kila upande, na punje ya chuma ikigonga granaiti hairudi polepole. Maji nayo, yakipigwa kwa pembe ya chini, huirusha punje mbele kama ardhi ngumu. Alfajiri ziwani kuna wavuvi wa dagaa wanaorudi na karabai zao zikiwa zimezimwa, kuna kina mama wanaochota maji, kuna watoto wanaooga. Piga ndege aliye juu angani peke yake, kamwe usipige aliyekaa majini au mbele ya jiwe. Vaa miwani ya kinga, na mwenzako avae. Pia waambie walaji watafune taratibu: punje ya chuma iliyobaki kwenye nyama ya kanga inavunja jino.

Maeneo kama Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa na hayahusiki na uwindaji wowote. Kwingineko kibali ni kupitia TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Dalili: bunduki inacheza kwenye bawaba

Ondoa mbao ya mbele, funga bunduki tupu, itikise kwa upole karibu na sikio. Mgongano wowote kati ya mitutu na mwili wa bunduki, au mwanga unaopenya kwenye mshono ukiielekeza dirishani, unaonyesha ulegevu. Hii huja kwa umri na matumizi, chuma huiharakisha tu. Isifyatuliwe na katriji yoyote, hata ya risasi, mpaka fundi aikaze.

Kama bunduki imekataliwa

Fundi akisema haifai, usimwone adui. Zipo katriji za bismuthi, zenye gramu karibu 9.6 kwa sentimita ya ujazo, laini karibu na risasi, zinazopita kwenye choki za zamani bila kuzivimbisha. Urefu wa chemba na shinikizo bado vinazingatiwa vilevile. Bei yake ni kubwa, na kwa mtu anayewinda kanga mara chache kwa mwaka bado ni nafuu kuliko mtutu mpya. Njia nyingine ni kuiacha bunduki ya urithi ipumzike kwa leseni yake, na ya kazi ikawa nyingine yenye yungiyungi.

Unapoipeleka kwa fundi, ibebe tupu, ndani ya mfuko wake, pamoja na leseni, na usisahau vitu viwili ambavyo wengi huviacha nyumbani: boksi la katriji ulizofyatua na maganda yake, hata yaliyochanika. Andika kwenye karatasi ni mtutu upi ulifyatua lipi. Katriji zilizolowa au zisizofaa usizitupe ziwani wala chooni wala kuzichoma. Zirudishe kwa muuzaji mwenye leseni, au zipeleke kituo cha polisi ukaeleze ni za nini na zimeharibika vipi.